Nani huamua spika ipi ihakikiwe?

SWALI: Majarida ya hi-fi (vifaa vya nyumbani vya sauti bora) yanarudia kampuni zilezile, ilhali spika ninazotaka kununua hazijaandikwa popote. Je, anayelipia tangazo ndiye anayehakikiwa?

JIBU: Una haki ya kushuku. Jarida The Absolute Sound lilipoanza mwaka 1973 halikupokea matangazo, kwa shaka hiyohiyo. Lakini kichujio kikubwa zaidi ni upatikanaji. Vifaa vingi hukopeshwa na mtengenezaji au msambazaji, kwa hiyo kampuni isiyo na jozi ya kuachia kwa miezi kadhaa inatoka mapema. Stereophile la Marekani limekuwa na sharti kwamba kifaa kiwe kinauzwa na angalau maduka matano nchini humo kabla ya kupewa uhakiki kamili. Sharti hilo huwaumiza mafundi wadogo, na bado tunaona lina maana: kifaa kikiungua, msomaji atakipeleka kwa nani?

Kichujio cha pili ni chumba na vifaa vya mhakiki. Chukua amplifaya (kikuza sauti) ya valvu, yaani taa za kioo za kukuza mawimbi, yenye wati 8. Ukiiunga na spika ya desibeli 86 (sauti inayotoa kwa volti 2.83, yaani wati 1 kwenye spika ya omu 8, umbali wa mita 1), wati 8 zinaongeza desibeli 9 tu, unafika 95, na mpigo mkali wa ngoma utakatika kichwa, yaani amplifaya itaishiwa nguvu na sauti itaharibika. Mhariri makini humtafuta mhakiki mwenye spika za desibeli 95 au zaidi, asipompata, huacha. Angalia pia omu (ukinzani wa spika kwa umeme): spika ya omu 4 kwa volti hizo hula wati 2, si 1, hivyo namba yake ya desibeli inaonekana nzuri kuliko ilivyo.

Spika zako kutoandikwa, basi, hakusemi chochote kuhusu sauti yake. Zisikilize ukilinganisha na nyingine, ukisawazisha sauti kwa kipima desibeli pale unapoketi hadi tofauti iwe ndogo kadiri iwezekanavyo. Iliyo juu kidogo sikio huidhania bora.

SWALI: Natengeneza amplifaya za valvu. Nitume moja kwa mhariri?

JIBU: Usitume kabla ya kukubaliwa. Andika kwanza barua ya ukurasa mmoja: bei, inauzwa wapi, dhamana ya muda gani, nani anaitengeneza ikiharibika, wati zake kwa omu 8 na 4, na lini itaanza kuuzwa. Wahariri huikwepa mifano ya majaribio, kwa kuwa kitakachofika dukani huenda kisifanane nayo.

Ukikubaliwa, toa kifaa kwenye uzalishaji wa kawaida na ukiwashe saa 48 mfululizo. Sehemu dhaifu mara nyingi hufa mapema. Chomoa valvu, uzifunge kando, na uzipe namba za soketi zake. Kaza boliti za transfoma, maana uzito wake ndio unaopasua bodi njiani. Tumia katoni mbili, moja ndani ya nyingine, na povu gumu katikati.

Kikifika kimekufa, utaombwa cha pili, na jarida lenye uadilifu litaandika kwamba cha kwanza kilikufa. Usiombe maelezo hayo yafutwe. Stereophile, kwa mfano, humpa mtengenezaji nafasi ya kujibu katika toleo lilelile. Itumie kueleza kilichoharibika na ulichobadilisha.