Mgongo unaniuma, hasira naimalizia kwa watoto: jibu kwa dada

Pole sana dada. Miaka minne ya mgongo si mchezo. Hilo la daktari kukuandikia amitriptilini, dawa inayojulikana zaidi kwa kutibu sonona (huzuni kubwa isiyoisha), ukahisi anakuona una kichaa, nalielewa. Mimi pia mgongo unaniuma, na niliyoandikiwa niliitupa chooni. Kumbe kwa dozi ndogo hutumika kutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu, kama hayo yanayokuchoma hadi mguuni. Inaleta usingizi, kwa hiyo muulize daktari kuhusu kuinywa jioni, na usiikatishe ghafla.

Kuhusu kuwafokea watoto: kilichonisaidia ni kuitaja hisia kabla haijalipuka. "Naumwa" haitoshi. Sema "naogopa kesho sitaweza kuinama", au "nimekasirika hakuna aliyeniuliza nimelalaje". Wanangu niliwaambia: leo mgongo mkali, mniache dakika kumi, hamjakosea kitu. Walielewa haraka kuliko baba yao!

Halafu siku ya nafuu usifue nguo za wiki nzima. Fua beseni moja, pumzika, rudi. Mimi nilikuwa namaliza zote, kisha nalala siku tatu nikijilaumu, na kujilaumu kunauma kuliko kufua.

Ukiona mguu unalegea, ganzi sehemu za siri, au mkojo unagoma au unatoka wenyewe, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na mawazo ya kutaka kufa yakija, usikae nayo peke yako: mwambie mtu wa karibu akupeleke hospitali.