Usichore duara kuzunguka Mombasa

Ndugu, umeuliza uichoreje ramani ya Mombasa inavyoshikana na mashamba, ukafikiria duara la kilomita 50 kutoka kisiwani. Nakusihi, duara liache. Mimi nilianza nalo, nikapoteza miezi miwili.

Kilichonigutua ni soko la Kongowea. Nilikuwa nafika sokoni alfajiri na daftari, nawauliza madereva na matingo mzigo umetoka wapi. Kabichi, milima ya Taita. Ndizi na nyanya, Taveta. Nazi, Kaloleni na Kwale. Kinango ni jirani yetu kabisa, lakini huko niliandika mbuzi na makaa. Mboga hata fungu moja sikuandika.

Mjerumani Johann Heinrich von Thünen, mwaka 1826, aliuwazia mji ulio peke yake kwenye tambarare: mboga na maziwa kando ya mji, kisha kuni, kisha nafaka, mifugo mwisho kabisa. Kwetu mambo yamepinduka. Lori la kabichi linashuka hadi Voi, linaikata nyika kavu ya Taru penye ng'ombe, linapita Mariakani, ndipo liingie mjini. Mboga ziko nyuma ya ng'ombe kwa sababu mvua iko Taita. Kwa hiyo kila bidhaa ichoree mstari wake, unene wa mstari ufuate wingi wa mzigo. Mpaka mmoja wa bidhaa zote hutaupata.

Halafu feri. Kwa rula, Ng'ombeni iko karibu na kisiwa kuliko Mtwapa. Lakini Mtwapa unakuja kwa daraja, Ng'ombeni unavuka kwa feri ya Likoni. Mama mmoja wa huko alinifungulia kikapu chake pale soko la Marikiti: mchicha wa juu ungali mbichi, wa chini umelegea, majani yamegandana. "Mwanangu, huu umeliwa na foleni," akaniambia. Tangu siku hiyo napima kwa dakika, na kila njia naipima mara mbili, alfajiri na jioni. Andika na tarehe pia, maana barabara ya Dongo Kundu imewapa malori ya Kwale njia ya kuikwepa feri, na ramani yangu ya zamani imeshapitwa.

Usisahau mishale ya kurudi, ya vitu vinavyotoka mjini kwenda mashambani, hapo ndipo wengi wanapokosea. Simama steji Ijumaa jioni uone: unga, mafuta ya kupikia, mabati, watu wanaokwenda matangani kwao Kaloleni na Ganze. Pesa za simu huzioni, itabidi uulize nyumba kwa nyumba.

Na maji, tafadhali. Mji huu unakunywa ya chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, zaidi ya kilomita 200, na ya Baricho kwenye Mto Sabaki. Mstari huo uchore mnene kuliko yote, uandike na vijiji ambavyo bomba linavipita.