Ukiuziwa pikipiki ya wizi, na wewe ukaiuza

Anayenunua pikipiki ya wizi bila kujua hupoteza pesa. Aliyeinunua kisha akaiuza anaingia kwenye msala mkubwa zaidi, kwa sababu sasa yupo mtu wa tatu anayemnyooshea kidole: "Huyu ndiye aliyeniuzia." Naandika kwa vijana wa Pemba na Unguja wanaonunua pikipiki iliyotumika, wakaitengeneza, wakaitia tairi mpya na kuiuza wapate faida kidogo. Ni kazi ya halali, nami nimeifanya. Tundu lake liko kwenye kadi ya usajili.

Huku kwetu chombo hupita mikono mitatu minne na kadi bado ina jina la mtu wa mwanzo. Kila anayeuza husema mwenyewe yuko Unguja, au kasafiri yuko Omani, nasi tunakubali kwa sababu mara nyingi ni kweli. Mwizi anapita hapo hapo. Kadi yake yenye jina la mtu asiyeonekana haina tofauti na kadi zetu sote.

Pikipiki ya Bajaj aina ya Boxer niliyomuuzia kijana mmoja wa Konde ilikuja kwa njia hiyo. Niliinunua Chake Chake kwa mtu niliyemjua kwa sura. Namba ya Z, yaani ya Zanzibar, ipo, injini safi, kadi ya jina jengine. Kijana akawa anapakia abiria, mambo yanamwendea vizuri. Miezi ikapita, akasimamishwa njiani kwa ukaguzi wa kawaida, askari akainama kusoma namba ya chesisi. Jioni mama yake akanipigia simu: "Babaangu, mtoto wangu kawekwa ndani kwa ile honda uliyomuuzia. Njoo useme ukweli." (Honda kwetu ni pikipiki yoyote.)

Kituoni fundi aliugeuza usukani mpaka mwisho, akapangusa shingo ya fremu kwa kitambaa chenye petroli. Rangi nyeusi ya juu ikatoka kirahisi, na chini yake tarakimu za mwisho hazikukaa mstari mmoja. Ilikuwepo 8 ambayo nusu yake ya kushoto ilikuwa nyembamba kuliko ya kulia. Ilikuwa 3, ikaongezwa. Mtu akishaoneshwa jambo hilo hawezi tena kununua pikipiki bila ya kuinama.

Kwa hiyo inama. Namba kamili ya chesisi kwenye pikipiki nyingi mpya ina herufi na tarakimu 17, na ndani yake hazitumiki I, O wala Q, kwa kuwa zinachanganywa na 1 na 0. Za Bajaj zilizotengenezwa India huanza na MD2. Pikipiki kuukuu za Japani zina namba fupi zaidi, hizo usizitilie shaka kwa ufupi wake tu. Shika kadi mkononi usome moja moja, kisha ushuke kwenye injini usome na ile. Ukiona pamesagwa, au rangi mpya iko shingoni peke yake wakati fremu nzima imechubuka, usinunue.

Angalia na ufunguo. Pikipiki nyingi zinapotoka kiwandani ufunguo mmoja huwasha na hufungua tangi. Ukipewa funguo mbili, uliza kwa nini. Huenda swichi iliharibika ikabadilishwa, lakini sababu itajwe, na fundi aliyeibadilisha atajwe. Omba pia karatasi za bima za miaka ya nyuma. Mwenye chombo huwa nazo hata kama zimechakaa kwenye droo. Mwizi huwa na kadi tu.

Zaidi ya yote, toa arubuni, usitoe pesa zote. Zilizobaki zitoke siku mnayokwenda pamoja ofisi ya mapato kubadilisha jina. Pikipiki ikiwa na namba za Bara, zile zinazoanza na MC, hakikisha kwanza zile karatasi za kuivushia. Muuzaji atakwambia unamchelewesha, kuna mteja mwengine. Mwache aende na huyo mteja.

Mimi kilichonisaidia ni karatasi ya mauziano iliyogongwa mhuri kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wetu, na ujumbe wa simu unaoonesha pesa zilikwenda kwa nani. Kosa la kupokea mali ya wizi linasimama juu ya kujua, au kuwa na sababu ya kujua. Ndiyo maana bei ya kutupa ni hatari: kesho utaulizwa kwa nini hukushtuka. Na ndiyo maana, ukishapata habari kwamba chombo ni cha wizi, usimwambie mtu akiuze haraka, wala usikifungue ukauza spea. Hapo ndipo unapojitia kwenye kosa kwa mikono yako.

Nenda kituoni mwenyewe, usingoje kufuatwa. Nenda na mtu mzima wa familia, na wakili kama unamudu. Toa kopi ya kila karatasi kabla ya kuikabidhi, na maelezo yako yasome mwanzo mpaka mwisho kabla ya kutia saini. Usikusanye vijana kwenda kumsaka aliyekuuzia; jina lake na namba yake ya simu wape polisi.

Kuhusu pesa, wapo walioniambia nisubiri kesi iishe ndipo nimlipe yule kijana. Sikubaliani nao hata kidogo. Pikipiki inarudi kwa aliyeibiwa, hilo halina mjadala, kwa sheria wala kwa dini. Kijana hamjui aliyeniuzia mimi. Ananijua mimi, na mkono uliopokea pesa zake ni wangu. Nilimlipa kwa mafungu, la mwisho baada ya kuuza karafuu, na kila fungu tuliandikiana mbele ya sheha. Madai yangu kwa aliyeniuzia ni shauri langu na yeye.

Ikiwa umeshauza pikipiki ambayo kadi yake haijawahi kuwa na jina lako, mpigie simu leo uliyemuuzia. Mwambie apige picha namba ya shingoni na ya injini, mzilinganishe na kadi. Zikiwa sawa, mtafuteni mwenye jina mkabadilishe, na muandike mauziano yenu kwa sheha hata kama umepita muda. Zikitofautiana, kaeni pamoja mwende kituoni, wewe ukiwa mbele.