Maswali ya Wasomaji: Wananikataza Kulia, Wanasema Nitapona

Barua tatu kati ya zilizonifikia mwezi huu zimetoka miji mitatu tofauti, lakini zote zinahusu nyumba ambamo saratani imeingia na watu wameshindwa kuzungumza. Nimezijibu pamoja, na ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu aliyeiandika ndiye mgonjwa mwenyewe.

Shikamoo mama. Nina umri wa miaka 43, nina watoto wawili, binti wa miaka 13 na mwingine wa miaka 6, na ninaishi Tanga. Mwaka juzi niligundulika kuwa na saratani ya titi, nikakatwa titi la kushoto, nikamaliza dripu zote za dawa ya saratani, na nywele zikaota tena. Miezi mitatu iliyopita nilianza kuumwa kiuno, na vipimo vya Dar es Salaam vikaonyesha kwamba ugonjwa umefika kwenye mifupa. Daktari alinieleza kwa upole kwamba ipo dawa ya kuutuliza lakini haipo ya kuumaliza. Tangu siku hiyo hakuna anayeniruhusu kusema neno. Nikianza tu, "siku nikiwa sipo," mume wangu anatoka nje. Dada zangu wananiambia nikiri uzima, kwamba machozi ni upungufu wa imani. Mimi ninamwamini Mungu na ninatumaini kuishi, lakini usiku ninalia nikiwa nimeing'ata kanga ili mtu asinisikie. Je, kulia ni kukata tamaa? Na watoto niwaambie nini?

Marahaba, mdogo wangu, na pole sana. Pole kwa ugonjwa, na pole kwa upweke huo wa kulia peke yako ndani ya nyumba iliyojaa watu wanaokupenda.

Kulia si kukata tamaa. Nimekuwa muuguzi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumtunza mgonjwa katika maumivu ya mwili, ya moyo na ya roho, kwa muda mrefu, lakini jambo hili nililijua kwa hakika kupitia dada yangu mkubwa. Aliugua saratani ya shingo ya kizazi, na kwa majuma kadhaa nilikuwa nikimpeleka kwenye mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, ile hospitali ya zamani ya Wajerumani iliyo ufukweni, ambayo ilifanywa kuwa taasisi mwaka 1996. Alasiri moja tuliporudi nyumbani aliniomba nimtolee sanduku la kanga lililokuwa chini ya kitanda. Nilielewa anachotaka, nami nikamjibu, "Dada, achana na hayo, utazivaa mwenyewe." Akanyamaza. Alinyamaza siku tatu nzima. Alikuwa akiitikia salamu na kunywa uji niliompa, basi. Mimi niliyekuwa nikiwafundisha wauguzi wadogo namna ya kumsikiliza mgonjwa ndiye niliyemziba mdomo ndugu yangu wa tumbo moja.

Siku ya nne nililivuta lile sanduku bila kuombwa. Tulikaa mkekani hadi adhana ya magharibi, tukikunja doti moja baada ya nyingine, naye akitaja ya nani: hii ya binti yake, hii ya wifi yake, hii ya yule jirani muuza maandazi aliyemkopesha nauli ya kliniki bila kumdai. Alipofika kwenye doti aliyojifunga alipotoka arobaini ya uzazi wake wa kwanza, alilia kwa sauti, nami nikalia pamoja naye, wala hakuna aliyemnyamazisha mwenzake. Kisha akatenga doti mbili mpya ambazo hazijakatwa hata pindo, akasema, "Hizi msizigawe, nitazivaa Iddi." Iddi ile alizivaa, na iliyofuata akazivaa tena. Aliyekuwa akigawa kanga na aliyekuwa akijiwekea za sikukuu ni mtu yuleyule, alasiri ileile, na sikuona hata mara moja kwamba jambo moja lilipunguza jingine.

Kuhusu imani, waambie dada zako kwa upole kwamba Waislamu tunakumbuka jinsi Mtume alivyotokwa na machozi alipofiwa na mwanawe mdogo Ibrahim, na Wakristo wanajua kwamba Yesu alilia penye kaburi la Lazaro. Hakuna aliyesema kwamba hao walipungukiwa na imani. Ninachokihofia mimi ni tumaini linalogeuzwa kuwa amri, kwa sababu mgonjwa aliyekatazwa kuhuzunika hukatazwa pia kusema anapoumwa. Mwaka 2011 maelfu ya watu walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji Ambilikile Masapila, aliyesema inaponya magonjwa sugu, kwa shilingi 500. Siwacheki waliokwenda, niliwaona wakiaga wodini wakiwa na nuru usoni ambayo hatukuweza kuwapa sisi. Nilichosikitikia ni kwamba baadhi yao waliporudi na maumivu yaleyale waliona haya kuyataja, kwa kuwa walikwisha kutangazwa kuwa wamepona.

Kwa hiyo yaseme maumivu yako, kwa sababu tumaini lako lina mahali halali pa kusimama. Saratani ya titi iliyofika mifupani haiponi, lakini wapo wanaoishi nayo kwa miaka. Muulize daktari kama uvimbe wako ni wa aina inayotii homoni, yaani inayokua kwa kuchochewa nazo, kwa sababu ukiwa wa aina hiyo kuna vidonge kama tamoksifeni, na kuna dawa za kuimarisha mifupa. Mfupa unaouma sana mara nyingi hutulizwa kwa mionzi ya siku moja tu. Ndoo ya maji waachie wengine waibebe. Na hili ninakuomba ulishike: ukihisi miguu inalegea au inakufa ganzi, au haja ndogo inakataa kutoka, usingoje tarehe ya kliniki, nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu huenda uti wa mgongo unabanwa, na kuchelewa kunaweza kukunyima uwezo wa kutembea.

Mume wako anapotoka nje, usidhani kwamba hajali. Wanaume wengi niliowafuata nje ya wodi niliwakuta wameegemea ukuta, wamejifunika uso kwa mkono. Wanadhani kazi yao ni kutafuta jibu, na wakikosa jibu hukimbia. Mpunguzie mzigo huo mapema. Chagua wakati watoto wamelala, umwambie, "Baba watoto, leo sitaki unijibu wala unifariji. Nataka unisikilize tu, halafu unishike mkono." Anza na jambo dogo, kama ada ya shule au nani atamfundisha binti yenu mambo ya hedhi ikiwa hutakuwepo, kwa sababu jambo dogo hubebeka. Akiondoka, mwache aondoke, kisha ujaribu tena siku nyingine.

Watoto tayari wanajua kwamba kuna kitu. Wa miaka 6 mwambie jina la ugonjwa bila kunong'ona, mwambie kwamba si wa kuambukiza, kwa hiyo anaweza kulala ubavuni mwako, na kwamba haukuletwa na utundu wake. Watoto wadogo hulifikiri hilo la utundu mara nyingi kuliko tunavyodhani, na hawalisemi. Akikuuliza kama utakufa, usimwahidi usichoweza kukitimiza. Mwambie kwamba unakunywa dawa ili ukae naye muda mrefu, na umtajie kwa jina mtu atakayemlea wakati wote utakapokuwa umelazwa. Wa miaka 13 mpe ukweli zaidi, ukimwachia nafasi ya kukasirika. Binti wa umri huo anaweza kupokea habari kama hii kwa kwenda kuosha vyombo vilivyo safi. Msogelee hapo hapo penye karo, ushike kitambaa, umsaidie kuvikausha.

Shikamoo mama. Mimi ni kitinda mimba katika familia yetu, tunaishi Mbeya. Baba yetu ana miaka 71 na amepatikana na saratani ya tezi dume iliyokwisha kusambaa. Kaka zangu walimwomba daktari asimwambie, wakisema akijua atakufa kwa hofu. Baba ameambiwa kwamba ana maambukizi ya njia ya mkojo. Juzi aliniuliza, "Mwanangu, maambukizi gani haya yasiyokwisha?" Nilishindwa kumtazama. Je, nimwambie?

Marahaba, mwanangu. Mzee aliyeuliza swali la namna hiyo amekwisha kujua nusu ya jibu, na ile nusu nyingine anaitafuta kwako kwa sababu ameona kwamba wewe ndiye unayekaribia kulia.

Ninawaelewa kaka zako. Tumelelewa na msemo kwamba mgonjwa haulizwi uji, na katika uji ni kweli, kwani ukimuuliza mtu dhaifu atakataa kwa kukuonea huruma. Lakini mwili wa baba yenu si bakuli la uji. Saratani ya tezi dume iliyosambaa hutibiwa kwanza kwa kupunguza homoni za kiume, ama kwa sindano za mara kwa mara, ama kwa upasuaji wa kuondoa korodani. Hakuna njia ya haki ya kumfanyia mzee wa miaka 71 mojawapo ya hayo bila kumweleza sababu. Hata sindano peke yake humletea mwanamume joto la ghafla, uchovu na kupoteza hamu ya tendo la ndoa, na asipoelezwa atadhani amerogwa au ameanza kuchanganyikiwa. Tena matibabu hayo yanaweza kuuzuia ugonjwa kwa muda mrefu, kwa hiyo mnapomficha ugonjwa mnamficha pia habari njema iliyomo.

Hata hivyo sikutumi ukamwage habari yote peke yako usiku wa leo. Zungumza kwanza na kaka zako, uwaambie swali alilokuuliza, kwa maneno yake yaleyale. Kisha mtafuteni mtu ambaye baba anamsikiliza, iwe ni ndugu yake au rafiki yake wa tangu ujana, akae naye pamoja na daktari. Swali la kwanza analopaswa kuulizwa ni hili: "Mzee, ungependa kuelezwa kila kitu kuhusu ugonjwa huu, au ungependa tuelezwe sisi tukushughulikie?" Wapo wazee wanaochagua la pili kwa hiari yao, na hao waheshimiwe. Wengi niliowahudumia walichagua la kwanza, wakanyamaza kidogo, kisha wakaanza kutaja mambo ambayo watoto hawakuwa na habari nayo: mpaka wa shamba ambao haujawekewa alama, deni la mtu aliyehama, ndugu waliyegombana naye tangu msiba wa bibi. Mambo hayo yanahitaji muda, na huo muda ndio baba yenu anaonyimwa sasa.

Na wewe akikuuliza tena kabla hamjakaa kikao, usimdanganye mara ya pili. Mwambie, "Baba, nimekusikia, na nitahakikisha daktari anakujibu wewe mwenyewe."

Assalamu alaykum. Mama yetu hapa Mombasa ana kansa ya koo la chakula na sasa hamezi ila vitu vya maji. Hospitali imetupa mofini ya kunywa, dawa ya maumivu makali. Mjomba asema hiyo ni dawa ya kumalizia mtu, na ndugu yangu aogopa mama asije akawa teja kama vijana wa mtaani. Mama aumwa sana na chupa iko kabatini. Tufanyeje?

Waalaykum salaam, binti yangu. Itoeni chupa kabatini leo, mumpe kwa kipimo na saa mlizoandikiwa.

Hofu ya ndugu yako ina chanzo chake, kwa sababu mitaa mingi ya pwani imezika watoto walioharibiwa na unga, na mofini ni ya ukoo huohuo. Lakini mtu anayepewa mofini kwa kipimo cha daktari, kwa ajili ya maumivu ya saratani, ni nadra sana kuwa mraibu. Dawa hupambana na maumivu, haimtafutii ulevi. Mjomba naye mwambieni kwamba mofini ikitolewa kwa kipimo haiharakishi kifo. Wengi huhusisha dawa hii na kufa kwa sababu katika nchi zetu imezoeleka kutolewa ikiwa imechelewa mno. Uganda walianza mapema kuvunja mazoea hayo: shirika la Hospice Africa Uganda, lililoanzishwa mwaka 1993 na Dkt. Anne Merriman, lilitengeneza mofini ya maji kutokana na mofini ya poda kwa gharama ndogo, na mwaka 2004 nchi hiyo ikawaruhusu hata wauguzi waliofunzwa kuiandika, ili mgonjwa wa kijijini asikose.

Mofini ya maji kwa kawaida hutolewa kila baada ya saa 4, maumivu yawepo au yasiwepo, kwa sababu ukingoja yarudi unaanza kupanda mlima upya. Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia sana, na huenda atajisikia kichefuchefu, hayo hupungua. Choo kigumu hakipungui, kwa hiyo ombeni dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Msiongeze kipimo wala kuikatisha ghafla bila kuwasiliana na waliowapa, na akisinzia kiasi cha kutoamka mnapomwita, au akipumua taratibu kuliko kawaida, wapigieni mara moja. Chupa ifungiwe mbali na watoto.

Mama aliyekuwa akiumwa usiku na mchana, maumivu yakitulizwa, mara nyingi kwanza hulala usingizi mrefu unaowatia ndugu wasiwasi, kisha huamka akitaka kusema. Wekeni kiti karibu na kichwa chake, mpeane zamu ya kukikalia, na mjomba naye apewe yake.