Msinunue Wati, Nunueni Bafta: Majibu ya Maswali Kuhusu Taa Kubwa za LED

Swali: Assalaam alaykum. Mimi ni muongozaji wa tamthilia fupi, na tunarekodi ndani ya nyumba ya zamani mtaa wa Mkunazini, Mji Mkongwe wa Unguja. Tulikodi taa ya LED ya wati 300 tukaisimamisha karibu na mlango, kiasi cha mita tatu kutoka kwa muigizaji. Kipaji chake cha uso kinang'aa, na ukutani nyuma yake kuna kivuli cheusi kama cha mtu mwengine aliyesimama. Mwenye taa anatushauri tukodi ya wati 600, akisema hiyo ndiyo inayotoa mwanga mwororo. Fedha tulizonazo si nyingi. Tufuate ushauri wake?

Jibu: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Msiifuate rai hiyo. Wati zinaeleza taa inakula umeme kiasi gani na, kwa makisio, itatoa mwanga kiasi gani, lakini hazisemi lolote kuhusu sura ya kivuli. Kinachoamua kama kivuli kitakuwa kikali au chororo ni ukubwa wa kitu kinachotoa mwanga kinapotazamwa kutoka pale alipokaa muigizaji, na ukubwa huo unategemea mambo mawili tu, yaani upana wa taa yenyewe na umbali wake. Mkiweka wati 600 katika taa yenye mdomo ule ule, mahali pale pale, mtapata kivuli kile kile na kipaji kinachong'aa zaidi.

Lifikirieni jua. Kipenyo chake ni karibu kilomita milioni 1.4, lakini liko umbali wa kilomita milioni 150, hivyo kwetu sisi ni duara dogo lenye upana wa nusu digrii, na kivuli chake Forodhani wakati wa Adhuhuri kinakatika kama kwa wembe. Siku ya masika, mawingu yakishatanda, mwanga wa jua lile lile huchujwa na mawingu hadi mbingu nzima ikawa ndiyo taa, na mtu anapita njiani kivuli chake hakionekani. Jua halikupungua wala kuongezeka. Kilichobadilika ni upana wa kile kinachotuangazia.

Taa za LED mtakazozikuta kwa wakodishaji ni za aina mbili. Kuna zile ambazo chembe zake zote zinazotoa mwanga zimekusanywa mahali pamoja, penye upana wa sentimita chache, na kwa maelezo yenu nadhani ndiyo mliyopewa. Kuna na paneli, ambazo chembe zake zimetandazwa kwenye ubao mpana. Watu wengi huamini kwamba paneli ni laini kwa asili yake, na hapo ndipo wanapopoteza fedha. Chukueni mfano wa SkyPanel S60 ya kampuni ya ARRI ya Ujerumani, paneli iliyotumika sana katika filamu kubwa tangu mwaka 2015, ambayo uso wake unaotoa mwanga una milimita 645 kwa 300. Ikisimama mita moja kutoka usoni, hiyo ni taa pana na mwanga wake unapendeza. Ikirudishwa nyuma hadi mita tatu, kwa muigizaji ni sawa na taa yenye upana wa sentimita 21 na nusu iliyowekwa mita moja, na kivuli kinaanza kukaza tena.

Kwa hiyo fedha za wati 600 zipelekeni dukani kwa muuza vitambaa. Nunueni bafta nyeupe ya kutosha fremu ya mbao ya mita moja na nusu kwa mita moja na nusu, muivute bila ya mikunjo, kisha muisogeze kwa muigizaji kadiri kamera itakavyoruhusu, hata ukingo wa fremu uwe umebaki nje ya picha kwa shibiri moja tu. Taa iwekeni nyuma ya bafta, na msiigandishe nayo. Ikiwa karibu mno, sehemu ya katikati tu ndiyo itakayowaka, na mtakuwa mmejitengenezea tena taa ndogo ndani ya kitambaa kikubwa. Mmoja wenu akae kwenye kiti cha muigizaji aitazame bafta. Inatakiwa iwake sawasawa kutoka pembe hadi pembe, na hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko kipimo chochote cha mashine.

Mkitaka mandhari ya usiku, yenye chemli au kandili, badilisheni bafta kwa kitambaa cha marekani. Bafta imepaushwa, na rangi ya taa hupita humo karibu kama ilivyo, lakini marekani haikupaushwa, kwa hiyo huupa mwanga umanjano kidogo wenye joto. Mafundi wa taa wa Ulaya na Marekani nao wanavitumia vitambaa vya pamba vya namna hizi mbili, kilichopaushwa na kisichopaushwa, kwa kazi hii hii. Nguo ya marekani ilipata jina lake hapa kwetu kwa sababu katika karne ya 19 meli za Salem, Massachusetts, huko Marekani, ndizo zilizokuwa zikiileta Unguja, na mimi hufurahi kila ninapoiona imetundikwa mbele ya taa.

Kuna faida ya pili ya kuisogeza taa, nayo ni dawa ya kile kivuli cha ukutani. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: umbali ukizidishwa mara mbili, mwanga unabaki robo. Tuseme ukuta uko mita mbili nyuma ya muigizaji. Taa ndogo ikiwa mita tatu kutoka kwake, ukuta unapata asilimia 36 ya mwanga unaomfika yeye. Ikiwa mita moja, ukuta unapata kama asilimia 11 tu. Kwa bafta pana inayomkaribia mtu sana, mwanga haupungui haraka kiasi hicho, lakini mwelekeo ni huo huo, na ukuta utazama gizani pamoja na kivuli chake. Msogezeni na muigizaji pia aachane na ukuta, ikiwa chumba kina nafasi.

Najua nafasi ndiyo tabu. Vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti za mikoko zinazobeba dari hazivuki sana mita tatu, na upana wa chumba ukafuata urefu wa mti. Fremu kubwa humo inaziba njia ya wafanyakazi. Lakini chumba hicho hicho kinawapa kitu ambacho studio hulazimika kukitengeneza, nacho ni ukuta mpana uliopakwa chokaa nyeupe, ulio karibu na muigizaji. Igeuzieni taa uso, ielekee ukuta ulio ubavuni mwa kamera, na ukuta mzima utakuwa ndiyo taa yenu. Mwanga mwingi utapotea njiani, na katika hali hii pekee nitakubali kwamba wati nyingi zina thamani yake, ingawa kamera za siku hizi zinaona vyema gizani na huenda hizo 300 zikawatosha. Angalieni tu rangi. Nyumba nyingi kuta zake zimepakwa kijani au buluu juu ya chokaa, na ukuta wa kijani utampa muigizaji wenu uso wa mgonjwa. Ukiwa hivyo, tundikeni bafta mbele yake kwanza.

Chumba chembamba kina hatari nyengine, kwamba mwanga ukiingia haujui pa kutokea. Hugonga ukuta huu ukarudi ule, na uso ukawa bapa, hauna upande wa giza wala wa nuru. Watu hujaribu kulitatua kwa kuongeza taa ya pili, na mambo huzidi kuharibika. Kinachotakiwa ni kuuondoa mwanga: tundikeni kitambaa cheusi upande wa pili wa uso, nje ya picha kidogo tu, kinyonye kile kinachorudi kutoka ukutani. Kitambaa cha buibui kinafaa ikiwa hakina mng'ao. Nami nawaomba sana, msipige misumari kwenye plasta ya nyumba hizo. Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na chokaa iliyobanduka kwa ajili ya picha moja hairudi kwa ukarabati wa saruji. Tumieni nguzo mbili zilizosimama zenyewe na ufito juu yake.

Swali: Mimi ni mpigaji picha za harusi, Chake Chake, na sasa ninajaribu filamu fupi. Nilinunua paneli mbili kubwa za bei nafuu. Hina ya bibi harusi, ambayo kwa macho ni nyekundu iliyokolea, kwenye picha inatoka kama tope, na nyuso zina ukijani. Pia nikipunguza mwanga wa paneli, mistari myeusi inapanda kwenye picha. Je, kamera yangu ni mbovu?

Jibu: Kamera yako ni nzima, dada yangu. Tatizo liko katika namna mwanga mweupe wa LED unavyotengenezwa. Chembe yenyewe kwa kawaida hutoa buluu, na buluu hiyo ilikuwa kazi ngumu kuipata hata wavumbuzi wake, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Juu ya chembe hupakwa unga wa manjano ambao, ukipigwa na buluu, hutoa rangi nyengine, na jicho likaona weupe. Katika paneli za bei nafuu, unga huo hutoa wekundu kidogo sana. Hina haitoi wekundu wake yenyewe. Inaurudisha ule unaoifikia. Taa isipoutoa, hakuna programu ya kuhariri itakayourudisha.

Usidanganywe na namba iliyoandikwa kwenye kasha. Kipimo cha CRI kinachotangazwa, yaani alama ya namna taa inavyoonyesha rangi kwa uaminifu, ni wastani wa rangi nane zilizopauka, na wekundu uliokolea, ambao hupimwa peke yake kwa jina la R9, haumo katika wastani huo. Taa inaweza kupata alama nzuri na ikaiua hina. Ulizia R9, na muuzaji akishindwa kukujibu, ijaribu mwenyewe kabla ya kulipa: mpige picha mtu mwenye hina aliyeshika kanga nyekundu, kwanza kivulini barazani asubuhi, kisha chini ya taa hiyo, kila mara ukiipangia kamera weupe upya. Ziweke picha mbili pamoja uzitazame. Na ukumbini zima tyubulaiti zote, kwani huenda nusu ya ukijani unaolalamikia unatoka huko.

Ile mistari inatokana na paneli kupunguza mwanga kwa kujizima na kujiwasha haraka mno, jicho lisione ila kamera ione. Iwashe kwa nguvu yake yote, kisha upunguze mwanga kwa bafta mbele yake, na tabaka la pili ikibidi, na uso utazidi kuwa mwororo. Tena hakikisha kamera iko kwenye picha 25 kwa sekunde na shata (muda wa kupokea mwanga kwa kila picha) ya sekunde 1/50, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50. Kamera nyingi huja zimepangwa kwa 30 na 1/60, mpango unaofuata umeme wa hezi 60 wa Marekani.

Swali: Tunataka kurekodi ufukweni Jambiani tukiwa na paneli kubwa, jenereta, na fremu ya kitambaa ya mita 2.4 kila upande. Kuna la kutahadhari?

Jibu: Upepo, kabla ya jengine lolote. Fremu hiyo ina eneo la karibu mita sita za mraba, nayo ni tanga hasa, ila haina nahodha. Upepo wa mita 10 kwa sekunde, ambao kwa ufuo wa mashariki si ajabu wakati wa kusi wala wa kaskazi, unaisukuma kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 35, na mzigo huo uko juu, mahali ambapo stendi ina udhaifu wake. Upepo ukifika mita 14, nguvu hiyo inakuwa maradufu. Niliwahi kuiona fremu ndogo kuliko hiyo ikingoka mchangani Paje na kumpita kijana wetu wa sauti kwa hatua mbili. Hakuumia, alhamdulillahi, lakini tangu siku hiyo sikubali fremu isimame bila ya kamba katika pembe zote nne, mifuko ya mchanga kwenye kila mguu, na mtu mzima mmoja asiyepewa kazi nyengine ila kuishika. Upepo ukianza kupiga filimbi kwenye kamba, itueni chini, picha isubiri.

Mchana hamtahitaji paneli. Hakuna LED mtakayoikodi ya kushindana na jua la ufukweni, na jua lenyewe ni bure: litandieni kitambaa juu ya kichwa cha muigizaji, nalo litakuwa taa yenu pana. Paneli ihifadhiwe kwa baada ya Magharibi, au kwa chini ya banda la makuti. Paneli ya wati 450 inavuta kama ampea mbili tu kwa volti 230, hivyo jenereta ndogo inatosha, na muiweke mbali upande unakokwenda upepo ili isiingie kwenye sauti. Betri ya wati-saa 150 itaiwasha paneli hiyo kwa dakika 20. Mkivuka kwenda Pemba kwa ndege, betri za litiamu za akiba huingia nazo abiria mkononi wala haziwekwi kwenye mizigo, na zinazozidi wati-saa 100 hadi 160 zinahitaji ruhusa ya shirika la ndege kwanza. Ulizieni pia siku za bamvua kabla ya kupanga mahali pa nyaya.

Swali: Paneli yetu imeanza kufanya kutu kwenye skrubu baada ya miezi sita tu Nungwi. Tuifanye nini?

Jibu: Kila mkitoka ufukweni, ikiwa imezimwa na kupoa, ifuteni kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi ya kunywa na kukamuliwa sana, kisha muikaushe, kwani chumvi iliyobaki huvuta unyevu hewani na kutu huendelea hata kabatini. Matundu ya feni yasafisheni kwa brashi kavu. Msiifungie kwenye begi ikiwa bado na joto, na begi lenyewe lianikeni juani kabla ya kuirudisha.