Ada ya Majengo: Alipe Nani?

SWALI: Ndugu Mhariri, binti yangu anasoma mwaka wa pili katika chuo kikuu cha umma hapa Dar es Salaam. Wanafunzi wamedokezwa kwamba kila mmoja ataongezewa Sh50,000 kwa mwaka ili zijengwe hosteli na madarasa. Je, ni haki atozwe fedha za jengo ambalo huenda akahitimu kabla halijaezekwa?
Mzazi, Kimara

JIBU: Ndugu mzazi, kuchangia gharama za elimu ya juu si jambo geni nchini, utaratibu huo umekuwapo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ninalolitilia shaka ni kumbebesha mwanafunzi wa miaka mitatu gharama ya jengo litakalotumika miaka hamsini.

Tuanze na hesabu. Chuo chenye wanafunzi 10,000 kitakusanya Sh500 milioni kwa mwaka. Hosteli za Magufuli pale Mlimani, zilizozinduliwa mwaka 2017 kwa ajili ya wanafunzi 3,840, ziligharimu Sh10 bilioni za Serikali, kiasi ambacho watu wengi walikiona kidogo mno kwa mabweni 20. Kwa makusanyo hayo, hosteli za aina hiyo zingechukua miaka 20 kulipiwa, tena saruji na nondo zibaki na bei ileile (jambo ambalo fundi yeyote wa Kariakoo atalicheka). Kwa hiyo ada hiyo ama italipa deni la benki, ama itakarabati vyoo na paa, na uongozi unapaswa kutamka wazi ni lipi kati ya hayo.

Majengo makubwa kwa kawaida hayategemei mfuko wa mwanafunzi. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 2018, ilijengwa kwa msaada wa China, na mradi wa HEET, unaojenga katika vyuo mbalimbali vya umma, unatokana na mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa mwaka 2021. Mkopo huo utalipwa na walipa kodi wote kwa miaka mingi, nami naona ndivyo inavyostahili, kwa kuwa jengo moja huhudumia vizazi.

Hosteli, zaidi ya hayo, hulipiwa pango na wanaolala humo. Kwa nini anayepanga chumba Sinza au anayetoka nyumbani Kimara kila alfajiri aigharimie? Tena kwa mwanafunzi anayepata mkopo, Bodi ya Mikopo hailazimiki kuongeza fedha kwa sababu tu chuo kimeongeza ada, na hata ikiongeza, atakuja kukatwa asilimia 15 ya mshahara wake.

Binti yako na wenzake wapeleke hoja kwa maandishi kupitia mwakilishi wao katika Baraza la Chuo kabla uamuzi haujapitishwa. Waulize ada itaanza na kukoma mwaka gani, itawekwa katika akaunti ipi, na iwapo wanaohitimu kabla jengo halijafunguliwa watasamehewa.