Apache na Nginx kwenye mashine moja, kila moja na IP yake

Ndugu, umesema unataka Apache na Nginx (programu mbili za seva ya wavuti) ziende pamoja kwenye mashine moja, na umeongeza IP (anwani ya mtandao) ya pili lakini Nginx bado inagoma kuwaka, inadai anwani tayari inatumika. IP yako haina shida. Apache ikiandikwa `Listen 80` tupu, inashika poti 80 (mlango wa kawaida wa wavuti) ya kila anwani ya mashine, hata hiyo mpya.

Fungua `/etc/apache2/ports.conf`, uandike `Listen 192.168.1.50:80`. Kwenye Nginx weka `listen 192.168.1.51:80;` na uondoe `listen 80` iliyokuja na faili la default, maana nayo inataka anwani zote. Zima Apache kabisa ndipo uiwashe. Reload (kusoma mipangilio upya bila kuizima) haitoshi hapa. Kisha washa Nginx, uhakiki kwa `sudo ss -ltnp`, inayoonyesha programu ipi imeshika anwani na poti ipi.

IP uliyoiongeza kwa `ip addr add` itapotea mashine ikizimwa. Kwenye Ubuntu Server, iandike kwenye netplan, yaani mipangilio ya kudumu ya mtandao.